Kinyumenyume

Lenzi ya hamsini ya baba ilistaafu pamoja na studio,
Isevya, mwaka ule watu walipoanza kujipiga wenyewe.
Kuvu ilikuwa imeota pembeni.
Niliifuta kwa fulana yake, ile ya Jumamosi,
nikaifunga kwenye kamera yangu ya mtumba
kinyumenyume,
mdomo ndani, kisogo nje,
kama shati lililovaliwa gizani.

Kiungo ni kifuniko cha chupa ya siagi ya karanga
nilichokitoboa kwa msumari wa moto,
na gundi nyeusi ya mafundi umeme, raundi saba.
Kitundu cha ndani hupenda kujifumba;
nimekizuia kwa kijiti cha kiberiti.

Nkwabi, mpiga picha wa harusi, alicheka hadi akashika ukuta.
"Dada, hiyo kamera au bomba la kisima?"
Lenzi yake ya wadudu ingenunua ng'ombe wawili na ndama,
na hajawahi kumpiga mdudu.
Yangu imenila elfu moja mia tano.
Hiyo ni gundi.

Sasa sikiliza, maana hili sikufundishwa, nililikosea.

Usizungushe pete ya lenzi, unajisumbua.
Sogea wewe.
Sogea kama anayenyemelea usingizi wa mtoto,
hadi kioo kiwe vidole vitatu kutoka kwa mdudu,
kisha toa pumzi nusu, uishike nusu.
Panapoonekana ni pembamba kama ngozi ya kitunguu:
mbele ya hapo moshi, nyuma ya hapo moshi.
Piga arobaini. Futa thelathini na tisa
bila huruma.

Mkono hutetemeka, wa kila mtu, hata wa fundi saa.
Mimi nina soksi isiyo na mwenzake
niliyoijaza mchele wa Igunga.
Naulalia udongo, kiwiko juu ya soksi,
tochi ubavuni, na kati ya tochi na ua
kipande cha dumu jeupe la maziwa,
ili mwanga ufike umelainika,
usimchape mdudu kofi la uso.

Na uende alfajiri. Julai ya Tabora ina baridi ya kweli,
ile ya kuvuta blanketi la jirani.
Wadudu huganda. Hawakupi ruhusa,
ila hawana nguvu ya kukukatalia.

Ndivyo nilivyomkuta, nyuma ya nyumba yetu Itetemia,
ndani ya ua la boga: nyuki aliyelala nje,
umande mgongoni, miguu imekunjwa.
Nilipiga hadi magoti yakalowa.

Mama Nyamizi amefuga nyuki miaka thelathini na minane.
Anawajua kwa mlio, kwa hasira, kwa uzito wa mzinga.
Nikamwonyesha kwenye kioo kidogo cha kamera.
Alivua miwani, akaivaa tena.
"Kumbe wana nywele machoni."
Miaka thelathini na minane.
"Ndani ya jicho lenyewe, Nyanzala! Hawawashwi?"

Kisha akaziona mbawa.
Kingo zake zilikuwa zimechanika, zimeliwa na safari,
kama pindo la kanga ya kwenda shamba.
Hakucheka tena.
"Huyu ni mzee. Huyu alitumwa mbali,
jua likamwachia njiani."
Akauliza yuko wapi.
Nikasema jua lilipofika alijitingisha mara mbili,
akaruka.
"Vizuri?"
"Upande upande. Lakini aliruka."

Nilidhani ataondoka, chai ilikuwa jikoni.
Badala yake aling'oa lenzi, gundi ikalia,
lenzi iliyoona sura zote za Isevya,
maharusi, wanafunzi, watu wa pasipoti wasioruhusiwa kutabasamu.
Akaiweka jichoni, ile ile kinyumenyume,
akasogeza kidole gumba chake mwenyewe
hadi kikatulia pale panapoonekana,
akakitazama.

Chai ilimwagika yote.
Sikumwita.